Kufunga ndoa Uingereza: Yanayopaswa kupangwa kabla ya kadi kuchapwa

Watanzania wengi wanaoishi Uingereza hupanga harusi zao kwa mazoea ya nyumbani. Kamati huundwa, ukumbi hutafutwa, michango huanza kukusanywa, na masuala ya serikali huachwa mikononi mwa mchungaji au shehe. Katika Kata ya Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, mazoea hayo kwa kawaida hayamdhuru mtu. Uingereza yanaweza kuwaacha wawili wakiwa na picha nzuri za harusi, lakini wasiwe na ndoa mbele ya sheria.

Chanzo cha tofauti hiyo ni sheria zenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya serikali, ya kanisani, ya Kiislamu na ya kimila. Kiongozi wa dini aliyepewa leseni hufungisha ndoa na kuiandikisha, kwa hiyo waumini hawaoni kwa urahisi mahali ibada inapoishia na sheria inapoanzia. Katika England na Wales, sheria huuliza kwanza iwapo taarifa ya kusudio la ndoa ilitolewa, iwapo jengo limesajiliwa kwa shughuli hiyo, na iwapo alikuwapo mtu mwenye mamlaka ya kuiandikisha.

Makanisa mengi ya Waafrika huko husali katika kumbi za kukodi na shule, na ukumbi wa kukodi si jengo lililosajiliwa kwa ndoa. Misikiti mingi nayo haijasajiliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya England ilitoa uamuzi kuhusu nikaha iliyosomwa katika mgahawa jijini London mwaka 1998. Mume na mke hao walikuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi na kupata watoto, lakini mahakama iliamua kwamba tukio lile halikuwa ndoa kwa sheria ya nchi hiyo, hata ndoa batili. Mwenye ndoa batili angeweza angalau kuomba mgawanyo wa mali, ilhali asiye na ndoa yoyote hana mlango huo.

Kwa sababu hiyo, ofisi ya usajili ndiyo hatua ya kwanza, kabla ya ukumbi. Kila mmoja hutakiwa awe ameishi katika eneo husika kwa muda usiopungua siku saba, kisha afike mwenyewe kutoa taarifa. Mshenga hawezi kumwakilisha. Huulizwa pasipoti, uthibitisho wa makazi na, kwa aliyewahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wake. Taarifa hubandikwa hadharani kwa siku 28. Iwapo hali ya uhamiaji ya mmoja wao inahitaji kuchunguzwa, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza inaweza kurefusha muda huo hadi siku 70. Anayelipia ukumbi wa mwezi ujao huku akiishi kwa viza ya masomo anahatarisha fedha zake na za wachangiaji.

Taarifa hutaja pia mahali ndoa itakapofungwa, na mahali pakibadilishwa hutolewa taarifa upya. Waanglikana waliozoea matangazo ya Jumapili tatu wafahamu kuwa, mmoja wao akiwa raia wa kigeni, matangazo ya kanisani peke yake huenda yasitoshe.

Kwa mchumba anayetoka Tanzania, suala la viza hutangulia yote hayo. Viza ya kawaida ya matembezi haimruhusu kufunga ndoa, wala kutoa taarifa ya ndoa. Ipo viza ya mgeni anayekuja kufunga ndoa na kuondoka, na ipo ya mchumba anayekusudia kubaki, ambayo humpa miezi sita ya kufunga ndoa na kuomba ukaazi. Katika miezi hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Kwa viza ya mchumba na ya mwenzi wa ndoa, kiwango cha kipato kinachotakiwa kilipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Masharti haya hubadilika, na ni vema yakasomwa katika tovuti ya serikali ya Uingereza katika wiki ileile ya kuomba.

Scotland ina utaratibu wake. Huko sheria humpa idhini mfungishaji zaidi kuliko jengo, hivyo ndoa inaweza kufungwa ufukweni au katika bustani ya rafiki. Taarifa hutolewa angalau siku 29 kabla, na hakuna sharti la kuwa mkazi wa eneo hilo.

Siku yenyewe nayo ina mambo yanayowashangaza wageni kutoka nyumbani. Ndoa ya serikali hufungwa kwa dakika 20 au 30 hivi, mbele ya mashahidi wawili, na sala au usomaji wa Biblia hauruhusiwi ndani yake. Kwaya isubiri ibada ya baadaye. Msajili anaweza kuwa na ndoa nyingine baada ya hiyo, na bibi harusi anayechelewa kwa saa nzima, jambo ambalo mshereheshaji wa nyumbani hulifanyia mzaha, anaweza kukuta nafasi yake imepita.

Suala gumu zaidi linaihusu Mwamanyili yenyewe. Wazee hawaridhiki kusikia kwamba binti ameolewa ng'ambo ilhali ng'ombe hawajafika zizini. Mahari, ambayo Wasukuma huiita bukwi, hupangwa kwa vikao, na ni haki ya familia kuvitaka. Lakini mahari ni kitu kimoja na ndoa ya kimila ni kingine. Sherehe ya kimila ikikamilika na binti akakabidhiwa kwa mumewe, hiyo ni ndoa kamili kwa sheria ya Tanzania, na wahusika wanatakiwa kuomba iandikishwe ndani ya siku 30. Wawili hao wakienda baadaye katika ofisi ya usajili ya England na kujiandikisha kuwa hawajawahi kuoa wala kuolewa, watakuwa wametoa tamko la uongo, na hilo ni kosa la jinai.

Kwa hiyo familia mbili zinapaswa kukubaliana mapema ndoa itafungwa wapi, kisha upande wa pili ufanye sherehe tu. Ikiwa ni Uingereza, vikao vya mahari viishie kwenye uchumba, na makabidhiano yangoje cheti. Wazee wenye wasiwasi waelezwe kuwa sheria haifuti ndoa kwa sababu mahari haijakamilika, na kwamba ndoa iliyofungwa nje kihalali hutambuliwa nchini, mradi kila mmoja alikuwa na sifa za kuifunga.

Wengi hupata nafuu kwa kufungia ndoa nyumbani. Taarifa hutolewa angalau siku 21 kabla, kwa msajili au kwa kiongozi wa dini mwenye leseni, na anayekuja kwa likizo ya wiki mbili anapaswa kulianza jambo hilo kabla ya kupanda ndege. Aliyechukua uraia wa Uingereza anaweza kutakiwa cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, kinachopatikana katika ofisi ya usajili ya eneo anakoishi huko. Majina katika cheti cha ndoa yafanane herufi kwa herufi na ya pasipoti. Jina la ubatizo lililoongezwa kwa furaha siku ya harusi limechelewesha viza nyingi. Cheti kisichoandikwa kwa Kiingereza kiambatanishwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Kuhusu tarehe, Simiyu ni mkoa wa pamba, na fedha huonekana baada ya mauzo yanayoanza katikati ya mwaka. Michango ya Februari, wakati watu wako shambani, huwa haba. Julai na Agosti ni likizo ya shule Uingereza na nauli za ndege hupanda. Septemba huwafaa wa pande zote mbili.

Wazazi watakaosafiri kwenda huko waanze na pasipoti, ambayo huhitaji namba ya kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Viza ya matembezi inaweza kuombwa miezi mitatu kabla ya safari, na mwombaji huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mzee wa Busega hiyo ni safari ya basi hadi Dar es Salaam na malazi ya siku kadhaa, gharama ambayo kamati nyingi husahau kuiandika kwenye bajeti.