Chumvi, Mawese na Pilipili: Habari za Chungu Chetu

Ndugu msomaji, neno kuunga lina maana mbili. Seremala huunga mbao mbili zikawa kitu kimoja. Mama naye huunga mboga kwa chumvi, mafuta na pilipili. Ndiyo sababu vitu hivyo huitwa viungo. Nasi watu wa Kasongo na Kabambare, tukifunua chungu chetu, tutaona kwamba viungo vyake vimetoka nchi nyingi, na vingine vimepita njia ya machozi. Yafaa tuzijue habari hizo.

Tuanze na chumvi. Hapo kale, katika sehemu nyingi za Kongo zilizo mbali na bahari, watu walijitengenezea chumvi kwa majivu. Walikata matete na majani ya mtoni, au walikusanya maganda ya ndizi, wakayakausha na kuyachoma. Majivu waliyatia katika chungu kilichotobolewa chini, wakamimina maji polepole. Maji yaliyodondoka waliyachemsha mpaka yakakauka, na chini ikabaki chumvi ya kijivu, yenye uchungu kidogo. Majivu hayo yana faida nyingine: hulainisha majani magumu na maharagwe.

Chumvi nyingine ilitoka mbali. Kusini, Waluba walikuwa na mabwawa ya chumvi. Mashariki, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kuna Uvinza penye chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu waliochimba huko mwaka 1967 waliona kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka 1,400.

Na mafuta je? Mchikichi ni mwenyeji wa kweli, mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati tangu zamani. Lakini pilipili ni mgeni. Pilipili kali tunayoijua ilitoka bara la Amerika, kama muhogo, mahindi, karanga na nyanya, nayo ililetwa pwani za Afrika na Wareno baada ya mwaka 1492. Hata jina lake ni la kuazimwa: kwanza lilikuwa la pilipili manga, ile punje nyeusi ya Uhindi. Basi sombe yenyewe, ambayo twaiita chakula cha wazee, majani yake ni ya Amerika na mafuta yake ni ya kwetu.

Habari za soko letu la kale ziliandikwa na David Livingstone, msafiri Mskoti. Alikaa muda mrefu Kabambare akiugua vidonda vya miguu, kisha mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Aliona wanawake wakija sokoni kwa mamia. Wenye samaki wa kukaushwa na konokono walitafuta muhogo na ndizi. Wenye muhogo walitafuta kitoweo. Palikuwa na mawese, chumvi, pilipili na kuku, na kila mmoja alisifu kitu chake kwa sauti kubwa. Je, si kama soko letu la leo?

Lakini siku ya 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara wa misafara, walipiga risasi katikati ya soko lile. Watu walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta kitoweo cha jioni.

Baada ya miaka michache Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Misafara ilileta nguo, shanga na bunduki, ikachukua pembe za ndovu na watu. Kando ya mji mashamba makubwa ya mpunga yalilimwa, pamoja na miwa na michungwa, na wengi waliolima walikuwa watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Serikali ya Kongo, wakiongozwa na Dhanis, waliuteka mji, na utawala ule ukaisha. Wali ukabaki. Pwani huupika kwa tui la nazi; sisi twaula na mchuzi wa mawese au wa karanga. Kiswahili nacho kikabaki, ndicho ninachokiandika hapa.

Mwaka 1911 reli ya Kongolo hadi Kindu ilifunguliwa, kilomita 355. Siku hizi chumvi ya dukani imekuwa kitu cha kila siku, na ile ya majivu imekuwa ya kudharauliwa. Mimi nilikuwa mtoto wakati wa vita vya 1998 hadi 2003. Treni zilisimama, barabara zilikuwa za hatari, chumvi ikaadimika. Bibi yangu akachoma maganda ya ndizi. Tulikunja uso kwa uchungu wake, naye akacheka: «Kuleni, wajukuu. Chumvi hii haingoji treni.»

Sisemi tuiache chumvi ya dukani. Ile iliyotiwa iodini hukinga watu na rovu, na ya majivu haiwezi kazi hiyo. Wala sisemi tuuchukie wali kwa sababu ya waliouleta. Waliolima mpunga ule walikuwa watu wanyonge, nao ndio waliotuachia mbegu. Tukila bila kuwakumbuka, twawanyima haki yao mara ya pili.

Basi, ndugu, bibi yako akiwa hai, mwulize alivyounga mboga zamani, ukayaandike maneno yake. Na siku ya soko, ukimwona mama amebeba chupa ya mawese na fungu la chumvi akirudi nyumbani salama, wakumbuke wale wa Nyangwe ambao hawakurudi.