Fidel: Herufi Zilizokataa Kupunguzwa

Mwaka 2024 ilitimia miaka 25 tangu fidel, maandishi ya Uhabeshi, yaingizwe katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi nambari yake ili kompyuta zote ziisome kwa namna moja. Toleo la 3.0 la Septemba 1999 liliyapa nafasi 345. Silabi za Wacherokee wa Marekani na za wenyeji wa Kanada ziliingia katika toleo hilohilo.

Katika fidel, alama moja hubeba silabi nzima: ሉ ni lu, ሊ ni li, ላ ni la. Utaratibu huu wa kuonyesha irabu ulianza Aksum, ufalme wa kale wa Uhabeshi, katika karne ya 4, zama za Mfalme Ezana. Konsonanti 33 za msingi, kila moja ikiwa na maumbo saba, huzaa alama 231, mbali na tarakimu na silabi za ziada. Kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa herufi hizo, Zaburi, kilitoka Roma mwaka 1513 kwa juhudi za Mjerumani Johannes Potken, aliyedhani kuwa lugha ya maandishi hayo ni Kikaldayo.

Taipureta ndiyo iliyoleta kasheshe. Mhandisi Ayana Birru alishughulikia taipureta ya Kiamhari, lugha ya Uhabeshi inayoandikwa kwa fidel, katika miaka ya 1930, lakini vibonye vilikuwa vichache mno kwa alama zaidi ya mia mbili. Ikabidi herufi ziungwe vipande vipande, shina kwanza, kisha alama ya irabu, na sura zake zikaharibika.

Miaka ya 1940 ukazuka ubishi. Warekebishaji walitaka fidel ipunguzwe. Hoja yao ilikuwa nzito: sauti h ina safu tatu za herufi, s ina mbili, na Mwamhari wa leo huzitamka vilevile. Kwa nini mtoto akariri mara tatu kilicho kimoja? Wapinzani nao walikuwa na jibu. Katika Kige'ez, lugha ya ibada ya Kanisa la Orthodox la Uhabeshi, kila neno lina herufi yake. Negus, yaani mfalme, huandikwa ንጉሥ, kwa safu ya ሠ, wala si ya ሰ. Kufuta safu moja ni kukata mzizi wa neno. Mageuzi hayakupita, na historia imewapa haki waliokataa.

Kompyuta za miaka ya 1980 zilirudisha tatizo lilelile. Fonti ilikuwa na nafasi 256, na nusu yake ilikwisha kushikwa na Kilatini. Watengenezaji waligawa fidel katika fonti mbili au zaidi, kila mmoja kwa nambari zake. Barua iliyoandikwa kwa programu moja iligeuka vurugu ikifunguliwa kwa nyingine. Walio ughaibuni waliandikiana Kiamhari kwa herufi za Kilatini. Wataalamu wa Kihabeshi, wakiwemo Fesseha Atlaw, Daniel Yacob na Yitna Firdyiwek, walishirikiana na Joe Becker wa kampuni ya Xerox kutafuta suluhisho. Kila silabi ilipewa nambari yake nzima, na ሠ na ሰ zikabaki mbili. Safari hii mashine ndiyo iliyozifuata herufi.

Nyongeza za 2005, 2010 na 2021 zilihudumia lugha ndogo kama Kigumuz na Kigurage, na jumla ikafika 523.

Leo hata simu inayouzwa Laini Saba au Kawangware, mitaa ya Nairobi, huonyesha fidel bila shida. Lakini ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba, ambazo nazo zina nambari zao katika Unicode, huachwa kila siku kwa sababu hazionekani upesi kwenye kibodi, na msomaji hubaki kubahatisha neno. Wahabeshi walizipigania alama mia kadhaa. Kenya bado haijazipigania mbili.