Mshurutiko, Si "Ngono ya Kulazimisha"

Shirika moja limesambaza karatasi katika vituo vya afya vya mji wetu wa Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na nakala moja imebandikwa huku kwetu Kimanga. Inawaalika watu wenye "tatizo la tabia ya ngono ya kulazimisha" wafike wapewe ushauri bure na bila kuona haya. Na nia hiyo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na neno la mwisho.

Hapa Uvira, mtu akisikia "ngono ya kulazimisha" haelewi jingine ila kubaka. Ndilo neno wanalotumia wanawake wanapoeleza waliyotendewa. Ndilo wasaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita maapeese, wanalolisikia siku zote. Kitendo chenyewe kinaadhibiwa na sheria mbili za Kongo za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono. Sasa fikiria wasomaji wawili wa karatasi ile. Wa kwanza ni baba wa familia ambaye hajamgusa mtu kwa nguvu, ila kila usiku anakesha na picha za ngono kwenye simu, kazi inamponyoka na mke amekwisha kufungasha. Akisoma anadhani anaitwa kukiri jinai, kwa hiyo haji. Wa pili ni mama aliyebakwa. Akisoma anaelezwa kwamba aliyemtenda ni mgonjwa, na kwamba ameandaliwa kiti na ushauri wa bure. Wote wawili wamedhulumiwa na kiambishi kimoja, ile -ish- ya "kulazimisha".

Niliwaandikia wahusika. Nilijibiwa kwa adabu kwamba tafsiri hiyo "imeidhinishwa na jopo la wataalamu" katika semina. Sina shaka kwamba semina ilikuwa na chai nzuri. Nina shaka kama ilikuwa na mtu hata mmoja anayenunua ndagala Kalundu.

Tuanze na kinachotafsiriwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliupa ugonjwa unaotajwa na karatasi ile namba 6C72. Kwa Kifaransa cha madaktari wetu sifa yake ni "kompulsifu". Asili yake ni Kilatini: kitenzi chenye maana ya kuswaga pamoja, kama mchungaji aswagavyo ng'ombe. Mfaransa anaweza kulibeba neno hilo bila kuulizwa nani ameswaga na nani ameswagwa. Mswahili hawezi. Kitenzi chetu kinadai kujua kabla hakijafunga mdomo: umelazimisha, umelazimishwa, au umelazimika? Mfasiri wa karatasi ile alifungua kamusi, akaona "lazimisha", akafunga kamusi. Kauli ya kutendesha ikamgeuza anayeswagwa kuwa mswagaji.

Na "lazima" lenyewe lina historia ambayo majopo hayaiulizi. Katika Kiarabu, mzizi wa l-z-m una maana ya kung'ang'ania na kutobanduka. Tulipolipokea, tulilivika vazi la wajibu: nalazimika kulipa kodi, nalazimika kuhudhuria kilio. Kwa hiyo hata wanaotaka kuniridhisha kwa "mlazimiko" hawajafika. Anayelazimika anatimiza jambo ambalo jamii inamdai. Mgonjwa wetu hakuna anayemdai. Anafanya asichotakiwa na mtu, na mara nyingi asichokitaka mwenyewe.

Wapo wapinzani wenye kilemba kikubwa zaidi, wa "uraibu wa ngono". Neno hili limetoka pwani na linatembea kama lina hati ya kusafiria. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, uraibu ni vitu vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, alivyokaribishwa navyo mgeni wa heshima. Kutoka kwenye kitafunwa, neno likahamia kwenye mazoea ya kukitafuna, kisha kwenye mazoea ya kila kilevi. Safari nzuri, nami naistahi. Lakini kwenye ukingo huu wa Ziwa Tanganyika hakuna anayemkaribisha mgeni kwa tambuu, na ukimwambia kijana wa Mulongwe kwamba yeye ni mraibu atakuuliza hilo ni kabila gani.

Tena kosa la "uraibu" si la masikio tu. Neno hilo linakata kesi ambayo bado iko barazani. Mmarekani Patrick Carnes alilieneza wazo la uraibu wa ngono kwa kitabu chake cha mwaka 1983, na vikundi vya kusaidiana viliiga hatua kumi na mbili za walevi wa pombe waliojikusanya Akron, Ohio, mwaka 1935. Vikundi hivyo vimewashika mkono watu wengi. Hata hivyo, madaktari wa akili wa Marekani walipotoa mwongozo wao wa mwaka 2013 walikataa kuingiza ugonjwa wowote wa aina hii. Shirika la Afya Duniani lilipoukubali, halikuuweka pamoja na pombe na kamari. Liliuweka katika fungu la magonjwa ya kushindwa kuzuia msukumo, pamoja na ule wa kuiba vitu usivyovihitaji na ule wa kuchoma moto. Anayeandika "uraibu" ametangaza hukumu ambayo mahakimu wenyewe hawajaitoa. Nakumbusha pia, kwa wale wanaodhani neno la Kizungu la uraibu ni safi, kwamba chimbuko lake ni mdeni wa Kirumi aliyekabidhiwa kwa mdai wake kwa amri ya hakimu. Kumbe nao walianzia kwenye minyororo.

Orodha ya zamani, ile ya kumi, ilikuwa mbaya zaidi. Ilizungumzia "hamu ya ngono iliyopita kiasi" na bado ikayabeba majina ya Kigiriki: mwanamke alipewa jina la mizimu ya kike ya chemchemi, mwanamume jina la viumbe wa msituni wenye miguu ya mbuzi. Jina la kike limebaki katika Kifaransa cha mitaani kama tusi. Sisi, tunashukuru, hatukuwahi kulitafsiri.

Watu wenyewe wanasemaje? Huku mtu husema: "Najikatazaka, lakini inanishindaka." Sentensi hiyo ina utambuzi wa ugonjwa kuliko semina nzima: juhudi ya kujizuia ipo, kushindwa kupo, na -ka ile ya mwisho, ambayo wasahihishaji wa shule huifuta kwa wino mwekundu, inaeleza kwamba jambo linajirudia. Nilijaribiwa kuchukua "shinda" na kuunda istilahi humo. Nikaacha, kwa sababu kitenzi hicho kimekwisha kukodiwa na vyumba vya maombi. "Shindwa!" ndiyo amri anayopigiwa pepo. Mgonjwa anayepelekwa kwenye maombi ya kukombolewa kutoka "roho ya uzinzi" amekwisha kuisikia mara nyingi, na istilahi ya daktari haifai kumrudisha kwenye mkeka uleule wa maombi.

Ndipo ninapoleta "mshurutiko". Kiarabu kina "shart", yaani sharti moja, na wingi wake "shurut". Kiswahili kilipokea vyote viwili, kikapata "sharti" na "shuruti", na hicho cha pili kikazaa "shurutisha". Wanaosema kwamba neno ni la kitabuni waje wasikilize sokoni: "sherti uende", "sherti ulipe". Neno liko vinywani mwetu tangu Kingwana, Kiswahili chetu cha huku, kilipoufikia ukingo huu pamoja na misafara iliyopita Ujiji. Sasa liondolee "shurutisha" ile -ish- ya mtesaji, ulipe -ik-: shurutika. Kisha lifanye nomino kwa desturi yetu wenyewe. Fadhaika, mfadhaiko. Sisimka, msisimko. Shtuka, mshtuko. Shurutika, mshurutiko.

Uzuri wa -ik- ni kwamba haitaji mtendaji. Ukisema kikombe kimevunjwa, nitauliza nani. Ukisema kimevunjika, umeeleza hali tu. Hapo ndipo elimu ya tiba ilipofika: hali inajulikana, chanzo chake bado kinabishaniwa, kama ni mazoea ya ubongo, kama ni msukumo usiozuilika, kama ni njia ya kuyakimbia majonzi na upweke. Sarufi ya Kibantu ilikuwa na unyenyekevu huo kabla ya mkutano wowote wa Geneva.

Bwana mmoja, ambaye vyeo vyake ni virefu kuliko makala hii, alinipinga kwamba -ik- huonyesha uwezekano: chakula kinalika, njia inapitika, kwa hiyo mshurutiko ni "kuweza kushurutishwa". Je, mfadhaiko ni kuweza kufadhaishwa? Umbo la m- na -o limekwisha kuamua. Mwingine akasema neno halimo katika kamusi. Kamusi ya nani? Mwaka 1928, Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Tusilaumiwe kwa kutokuwamo katika kitabu ambacho hatukualikwa kukiandika.

Pingamizi la tatu ni zito, nami nalijibu bila mzaha. Je, mshurutiko haumpi mtu kisingizio? Hapana. Mshurutiko ni jina la msukumo ndani ya mtu, si jina la tendo juu ya mwingine. Anayemlazimisha mwenzake amebaka, awe na mshurutiko au asiwe nao, na hakimu hana haja ya istilahi yangu. Ndiyo maana hasa nataka maneno mawili tofauti, na ndiyo maana jopo lililoyachanganya linastahili kukasirikiwa.

Wala neno lisitolewe ovyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unadai hali iendelee kwa miezi sita au zaidi: ngono imekuwa kiini cha maisha hadi afya na majukumu yametupwa, mtu amejaribu kujizuia mara nyingi akashindwa, anaendelea ingawa anadhurika, au anaendelea ingawa raha yenyewe imekwisha. Na unaonya kwamba majuto yatokanayo na hukumu ya kimaadili peke yake hayatoshi kuitwa ugonjwa. Mji wetu una makanisa mengi, basi onyo hili liandikwe kwa herufi kubwa. Kijana anayejichua na kuungama kila Jumamosi hana mshurutiko. Mwenye hamu kubwa asiyeharibikiwa na lolote hana mshurutiko.

Kuhusu matumizi, kwa kifupi: mshurutiko wa ngono, wingi mishurutiko, mtu ni "mwenye mshurutiko", kamwe si "mshurutishaji". Msaada huanzia kwenye kituo cha afya au kwa apeese, ambaye ataelekeza mbele. Bukavu kuna SOSAME, na ng'ambo ya mpaka, karibu zaidi nasi, kuna kituo cha Kamenge mjini Bujumbura, vyote vya watawa wa Frères de la Charité. Tiba kuu ni mazungumzo yenye mpango: kutambua kinachowasha hamu, kubadili mazoea ya siku, kutibu huzuni au wasiwasi uliojificha chini yake, na mara nyingine dawa ya daktari.

Shirika lile likitaka kuchapisha karatasi upya, sentensi yangu lichukue bila malipo wala shukrani: "Kama ngono inakushinda kila ukijikataza, huenda una mshurutiko wa ngono, njoo tuzungumze." Jopo likiwa na iliyo bora, liilete hapa Uvira, isomwe kwa sauti mbele ya mama mmoja na baba mmoja, na wao ndio waidhinishe.