Sabuni Inayozaliwa Kwenye Tope la Mafuta

Machi 18, 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na pwani ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Serikali ilituma ndege za kivita kuipiga mabomu ili mafuta yateketee, na takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani zikamwagwa baharini na ufukweni. Wanasayansi wa maabara ya bahari ya Plymouth walikagua miamba ile. Palipofikwa na mafuta peke yake, konokono wengi wa miambani walikuwa wangali hai, wakiendelea kula mwani. Palipomwagwa sabuni, karibu viumbe vyote vilikuwa vimekufa. Dawa ilikuwa imeua kuliko ugonjwa.

Tangu hapo, historia ya kusafisha mafuta yaliyovuja imekuwa ya kuvutana baina ya njia ya mkato na wasafishaji waliokuwepo muda wote: bakteria wanaoishi penye mafuta, wanaoyala, na ambao wengi wao hujitengenezea sabuni yao wenyewe.

Mafuta hayakungoja meli wala visima ili yaingie baharini. Yamekuwa yakipenya kwenye nyufa za sakafu ya bahari tangu zama za kabla ya binadamu. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2003 ilikadiria kuwa tani 600,000 hivi hutoka kwa njia hiyo kila mwaka. Yasingekuwa na wa kuyala, yangerundikana karne kwa karne. Mwaka 1913 Mholanzi N. L. Söhngen alieleza habari za bakteria wanaoishi kwa kula mafuta ya petroli. Mwaka 1946 Claude ZoBell, wa Taasisi ya Scripps huko California, alikusanya yaliyokuwa yamejulikana na kuonyesha kuwa karibu spishi 100 za bakteria, hamira na kuvu zina uwezo huo. ZoBell alikwenda mbali zaidi: alipendekeza bakteria watumike kuyatoa mafuta yaliyong'ang'ania ndani ya miamba ya visima.

Kula mafuta, hata hivyo, kuna kikwazo. Bakteria huishi majini, na mafuta hujitenga na maji. Kila aliyewahi kuosha sufuria ya pilau anajua kuwa maji matupu huteleza juu ya mafuta bila kuyagusa, mpaka sabuni iingie. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Hujipanga mpakani, ikapunguza mvutano wa uso wa maji na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo. Wataalamu huita vitu vya aina hiyo safaktanti. Tone kubwa likigawanyika kuwa madogo maelfu, eneo la kulia huongezeka, na bakteria hupata pa kushika.

Bakteria walivumbua jambo hilo kabla yetu. Mwaka 1949 Jarvis na Johnson walieleza molekuli inayotolewa na Pseudomonas aeruginosa, yenye sukari iitwayo ramnosi iliyoshikamana na asidi za mafuta. Leo huitwa ramnolipidi. Mwaka 1968 Wajapani Arima, Kakinuma na Tamura walitangaza safaktini, inayotolewa na Bacillus subtilis. Kiasi kidogo chake hushusha mvutano wa uso wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 27 hivi. Molekuli hizi mbili zilipatikana maabara kwa bakteria waliolishwa vyakula vya kawaida. Ilibaki kuwatafuta mafundi hao katika makazi yao, yaani kwenye uchafu wenyewe.

Katika miaka ya 1970, Eugene Rosenberg na David Gutnick wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walifanya hivyo. Kutoka ufukwe wa Mediterania walipata bakteria wa jenasi Acinetobacter waliyempa jina RAG-1, aliyekuwa akiyavunja mafuta ghafi ndani ya maji ya bahari. Sabuni yake, waliyoiita emulsani, ni molekuli kubwa inayokizunguka kila kitone cha mafuta na kukizuia kisiungane na kingine.

Miaka hiyohiyo njia ya mkato ilijitokeza kwa sura mpya. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric, aliunganisha ndani ya bakteria mmoja uwezo wa kula aina kadhaa za haidrokaboni, yaani molekuli zinazounda mafuta. Aliomba hataza ya bakteria huyo, na Juni 16, 1980, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza. Uamuzi huo ulifungua milango ya biashara ya bioteknolojia. Bakteria mwenyewe hakuwahi kupelekwa kusafisha mafuta baharini.

Alaska ilifundisha njia nyingine. Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez ilimwaga takriban tani 37,000 za mafuta katika ghuba ya Prince William. Safari hii ufukwe ulinyunyiziwa mbolea. Mafuta yana kaboni tele, lakini bakteria wanahitaji pia nitrojeni na fosforasi ili waongezeke. Bakteria wenyeji wa ufukwe ule walipopata walichopungukiwa, kasi ya kuoza kwa mafuta iliongezeka. Hata hivyo, mafuta yaliyozama chini ya mawe, pasipofika oksijeni ya kutosha, yalikutwa yangali hapo zaidi ya miaka 20 baadaye.

Ghuba ya Uajemi nayo ikatoa ushahidi wake. Baada ya vita vya mwaka 1991 kumwaga mamilioni ya mapipa baharini, Samir Radwan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kuwait waliona fukwe zilizopakwa mafuta zikifunikwa na utando wa vijiumbe uliojaa bakteria walao mafuta. Mwaka huohuo, Ibrahim Banat na wenzake walieleza jinsi sabuni ya bakteria ilivyotumiwa kusafisha tangi la mafuta nchini Kuwait: zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yaliyokuwa kwenye tope la chini yalipatikana tena.

Mwaka 1998 alitambulishwa bingwa wa bahari, Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana karibu na kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini. Chakula chake ni alkani, yaani haidrokaboni za mnyororo zilizomo kwa wingi kwenye mafuta ghafi, na sabuni yake ameiunda kwa sukari na mafuta. Katika maji safi ni nadra kumpata. Mafuta yakivuja, huongezeka hadi kutawala.

Lakini historia hii ina ukurasa unaouma. Katika eneo la Ogoni, kwenye delta ya mto Niger, mafuta yalivuja kwa miongo mingi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilisema usafishaji ungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30, na kwamba huko Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini mara 900 na zaidi ya kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Bakteria walao mafuta wamo katika udongo ule. Hawawezi kuushinda mvujo unaorudiwa, wala hawamwondolei deni aliyevujisha.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa, Mombasa, yakaua mikoko. Sasa kuna mradi wa bomba la mafuta la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yake yana nta nyingi, ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa moto njia nzima. Yakimwagika kwenye maji yetu yatapoa na kuganda. Nta hiyo ni alkani, chakula wanachokipenda bakteria. Kikwazo kitakuwa kuifikia, na hapo ndipo safaktanti zina kazi.

Kwa hiyo kazi ya kuwajua bakteria wa mikoko na matope ya Tanga, Pemba na Mombasa ifanywe sasa, kabla ya ajali. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar na vyuo vyetu viwezeshwe kuwakuza, kuzipima sabuni zao na kujua kila ufukwe umepungukiwa na kirutubisho gani. Na mikataba ya mafuta iweke wazi nani atalipa, kwa sababu bakteria huanza kazi siku ileile mafuta yanapomwagika, ilhali wanadamu wasioandikiana wajibu mapema huanza kwa kusukumiana lawama.