APOL1: jeni inayozuia nagana na kudhuru figo

Mbung'o huuma ng'ombe na mchungaji wake, lakini nagana, ugonjwa wanaoueneza, humuua ng'ombe tu. Sababu ilianza kuonekana mwaka 1902, pale Alphonse Laveran na Félix Mesnil wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipowadunga panya wagonjwa wa nagana maji ya damu ya binadamu. Vimelea vikatoweka.

Kilichoviua kilichukua miaka mia moja kutambuliwa. Mwaka 1978 Mary Rifkin alionyesha kuwa nguvu hiyo imo ndani ya HDL, iitwayo kolesteroli nzuri. Mwaka 2003 kundi la Etienne Pays, Brussels, likaitaja protini yenyewe: APOL1, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 22. Kimelea huimeza HDL kama chakula; APOL1 iliyomo hutoboa tando zake za ndani, kikavimba hadi kupasuka.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka India. Mwaka 2005 iliripotiwa habari ya mkulima aliyeugua kimelea cha mifugo, Trypanosoma evansi, jambo lisilo la kawaida kabisa. Alipopimwa, damu yake haikuwa na APOL1 hata chembe.

Lakini kimelea cha malale ya Afrika Mashariki, rhodesiense, ambacho huwaugua binadamu, kina mbinu yake: hutengeneza protini ya SRA, inayoikamata APOL1 na kuizima. Baadhi ya Waafrika nao wana maumbo mengine ya jeni hii, G1 na G2. G2 huikwepa SRA, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliihusisha na kinga dhidi ya malale nchini Uganda.

Kinga hiyo ina gharama. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba Wamarekani Weusi waliorithi maumbo haya kwa baba na kwa mama wako katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kufanya kazi, ingawa wengi wao hawaugui. Maumbo hayo yalivuka Atlantiki na mababu zao waliouzwa utumwani, wengi kutoka Afrika Magharibi, ambako G1 imeenea sana. Kabla ya ugunduzi huo wa 2010 madaktari walilitupia lawama shinikizo la damu, maelezo mepesi yaliyodumu mno.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya inaxaplin, dawa ya kuizuia APOL1: katika jaribio dogo la wiki 13, protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo wa wagonjwa ilipungua kwa karibu nusu.