Mstari wa katikati ya ziwa: karatasi za kuvuka zilitoka wapi?

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu mnaotusoma kutoka mbali,

Kwenye mkutano wetu wa mwisho hapa Baraka, tulipofika kwenye hesabu ya kasha la mshikamano, mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Huu mpaka wa ku maji, nani aliuweka? Na tangu lini mtu anaombwa karatasi juu ya kwenda kuona ndugu yake?" Watu walicheka kidogo, lakini swali halikuwa la mchezo. Makuta tuliyokuwa tunahesabu yalikuwa yamepungua juu ya mtumbwi mmoja uliozuiliwa ng'ambo. Nilimwahidi mzee kwamba nitamjibu kwa maandishi. Jibu ni hili, na naomba mnivumilie, nitaanzia mbali.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670, na upana wake kwa wastani ni kilometa 50 hivi. Leo nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Zamani watu wa pande zote mbili walikuwa wanavuka kwa soko. Chumvi ya Uvinza ilikuja huku, pembe za ndovu zilienda Ujiji, na Kiswahili hiki ninachoandika kilivuka katika mitumbwi hiyo hiyo. Watumwa pia walivushwa humo, tusijidanganye kwamba ziwa lilikuwa la furaha tu.

Mstari wenyewe uliandikwa na watu wa Ulaya. Tarehe 1 Agosti 1885, mfalme Leopold II alipotangaza mipaka ya Dola Huru la Kongo, upande wa mashariki alitaja mstari wa katikati ya Tanganyika. Ng'ambo wakashika Wajerumani. Hakuna mvuvi wa Ubwari aliyeulizwa. Lakini mstari wa ku karatasi ni kitu kimoja, na mtu wa kukusimamisha katikati ya maji ni kitu kingine. Huyo aliletwa na vita. Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kuanzia hapo chombo kinachotoka ng'ambo kikaanza kuangaliwa kama cha adui. Wajerumani wakashusha majini pale Kigoma meli yao kubwa, Goetzen, mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili isishikwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tutakutana nayo tena.

Vita vilipokwisha, wakubwa walijitengenezea njia ya kuvuka bila taabu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu yao ndani ya bandari ya Kigoma na nyingine Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Ndizo zile wazee wanaziita Belbase. Ulikuwa mkataba wa mizigo, reli na meli. Mama mwenye beseni la ndagala hakuwa ndani yake.

Kisha ikaja miaka ya uasi, na hapa historia inapita mlangoni kwetu kabisa. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akashukia Kibamba, katika Fizi yetu, na Novemba ya mwaka ule ule akarudi kwa njia hiyo hiyo. Hakuna aliyegonga muhuri. Miaka kumi baadaye, Mei 1975, watu wa maquis ya Laurent-Désiré Kabila walivuka usiku hadi Gombe, kule wanakochunguza sokwe, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni na kuwaleta huku. Waliachiliwa baadaye. Mimi naona kwamba tukiuliza kwa nini askari wa ng'ambo anauangalia mtumbwi wa Fizi kwa jicho lingine, sehemu ya jibu iko pale. Sisi tunakumbuka ziwa la ndugu na biashara. Yeye anakumbuka ziwa ambalo usiku linaleta watu wenye bunduki.

Halafu 1996. Wengi wenu hamhitaji kusimuliwa. Mimi nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni miguu ya mama ndani ya maji, na mtu akisema watoto wanyamaze. Tulifika ng'ambo bila kitu mkononi. Kule tuliandikwa majina, tukapewa kadi, tukapelekwa kambini: wengine Nyarugusu, wengine Lugufu. Hakuna aliyetufunga kwa kuingia bila kibali. Nilidhani ni huruma tu ya Watanzania, na huruma ilikuwepo kweli. Ni baadaye sana, nikiwa chuo kikuu, ndipo nilisoma kwamba ilikuwa pia sheria. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kipengele cha 31, unasema mtu anayekimbia moja kwa moja kutoka kwenye hatari haadhibiwi kwa kuingia bila ruhusa, ila ajitokeze mbele ya wakuu bila kukawia na aeleze sababu yake. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa 1969 ukaongeza wale wanaokimbia vita na fujo, ukakataza pia kuwarudisha watu mpakani.

Kwa hiyo kizazi chetu kilijifunza ziwa wakati mlango ulikuwa wazi. Naomba tusimame hapa kidogo, maana ndipo shida yetu ya leo ilipozaliwa.

Kurudi kulikuwa kwa karatasi nyingi. Mwaka 1997 Liemba ile ile ilibeba watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Vita vya pili vikaharibu. Kuanzia Oktoba 2005 misafara ikaanza tena, Kigoma hadi Baraka, na wengi wetu tulipanda Mwongozo. Mnakumbuka ile fomu ya kurudi kwa hiari: bila jina lako juu yake hupandi. Tulipima afya, tukahesabiwa, mizigo ikaandikwa. Tuliposhuka tulipewa vyombo na chakula, na kikao kirefu kuhusu mabomu ya ardhini na magonjwa. Hakuna aliyetuambia jambo moja: kwamba ukisharudi nyumbani kwa hiari yako, ule ulinzi wa mkimbizi umekwisha. Kesho yake ukipanda mtumbwi kwenda kumwona dada aliyebaki Nyarugusu, wewe ni msafiri wa kigeni kama mwingine yeyote, na mtumbwi wako ni chombo cha kigeni ndani ya maji ya watu. Na sisi wa mashirika, nikiwemo mimi niliyeanza kazi hii baadaye, hatukulisema.

Basi leo inatakiwa nini? Hapa kwetu, msafiri anaandikwa na DGM anapotoka. Chombo kinajulikana kwenye commissariat lacustre, na kinabeba orodha ya watu na ya mizigo. Ng'ambo unaingia kupitia bandari yenye uhamiaji na forodha, kama Kigoma, si mwalo wowote unaokuvutia juu ya shemeji anakaa pale. Kuvua ni habari nyingine kabisa: sheria ya uvuvi ya Tanzania ya 2003 inataka leseni kwa mvuvi na kwa chombo, na mwaka 2024 walifunga uvuvi upande wao kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukikutwa na nyavu na taa kule ndani, kusema "miye sikuona mstari" hakusaidii, hata kama ni kweli. Na wale wanaosema tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mpaka umefunguliwa: hapana, ndugu zangu. Kuingia Jumuiya hakujaondoa pasipoti wala karatasi za chombo.

Lakini kuna upande wa pili ambao Leta yetu haipendi tuusome kwa sauti. Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani. Ni nne: forodha, ambayo siku zile iliitwa OFIDA na leo ni DGDA, OCC, usafi wa mipakani, na DGM. Nne tu. Kila mmoja wenu aliyepakia gunia la ndagala katika bandari zetu anajua amehesabu meza ngapi kabla ya moteri kuwaka. Watu wakiona kila meza inakula, wanaanza kuondoka usiku kutoka kwenye mwalo usio na meza. Wakifika ng'ambo hawana hata muhuri mmoja wa kuonyesha walitoka wapi. Hapo wanakuwa na kosa la kweli, lililozaliwa na makosa ya wengine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ule mtumbwi wa kwenye hesabu yetu. Kijana wa mama mmoja mwanachama aliondoka usiku na watu watano, wote wanaenda kuona jamaa. Moteri ikazimika, upepo ukawasukuma, na alfajiri wakakutwa karibu na ng'ambo. Walipoulizwa vibali hawakuwa na hata orodha ya majina. Watu waliachiliwa baada ya siku chache, chombo kikabaki. Kasha letu lilitoa pesa mara mbili, na mara zote mbili hatukupewa risiti. Sitakitaja kituo. Naandika hivi ili kila mwanachama ajue makuta yake yalienda wapi.

Ndani ya komite hatukubaliani. Wengine wanasema kasha lisilipie tena mtu aliyeondoka bila karatasi. Nawaelewa, lakini siwezi kuwafuata mpaka mwisho. Mtu anayekimbia risasi hana muda wa orodha, na hapa kwetu risasi hazijaisha. Ninachopendekeza ni kwamba kasha lilipie karatasi kabla ya safari: chombo kimoja cha chama kiandikishwe, kiwe na makoti ya kuogelea, kiondoke mchana kutoka bandarini mara moja kwa mwezi, na wenye ndugu kambini wapande kwa zamu. Pale bandarini tuende na nakala ya ile dekreti, na kila anayeomba pesa tumwombe risiti kwa heshima. Wafadhili waliotuuliza mwaka jana wasaidie kitu gani wamepata jibu langu. Mabeseni tunayo tayari.

Mtumbwi bado uko kule. Aliyeuona mwezi uliopita anasema umegeuzwa juu ya mchanga, na ubao mmoja wa kando umeanza kupasuka. Mama mwenyewe ameomba watu wawili wa komite wamsindikize kwenda kuuliza, safari hii wakiwa na mihuri yote. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu kabla ya mkutano ujao.