Uzi: Miaka 43 kati ya Tudor na Nairobi

Kampeni zikikaribia huku kwetu, kuna hoja mbili ambazo hazikosi. Kwenye jukwaa la Changamwe utasikia "tumetengwa". Usiku ukifungua simu utamkuta mtu akijibu: "Wapwani hawapendi kusoma. Ruzuku za utafiti hutolewa kwa ushindani, si waombe kama wengine?" Mimi ni mtu wa Likoni, nasoma sayansi ya siasa, na hoja zote mbili zimenichosha manake hakuna anayetaja mwaka wala shilingi. Wacha tutaje.

Tuanze na 1951. Mwaka huo, pale Tudor, wanafunzi wa kwanza waliingia Mombasa Institute of Muslim Education, ile ambayo wazee wetu wameizoea kwa jina la MIOME. Mwaka huo huo Royal Technical College ya Nairobi ilipewa hati yake ya kifalme, na wanafunzi wake wa kwanza wakaingia 1956. Vyuo viwili vya ufundi, mkoloni mmoja, na Mombasa ndiyo iliyotangulia kufungua mlango.

Pesa za MIOME zilitoka pande nyingi. Aga Khan alitoa pauni 100,000, Sultani wa Zanzibar akachangia, Mabohora wakachangia, na serikali ya kikoloni ikaongeza yake. Chuo kilikusudiwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Tuseme ukweli: mlango huo haukuwa wa kila Mpwani. Mmijikenda asiye Mwislamu hakuwa kwenye hesabu. Hilo lilibadilika 1966, chuo kilipoitwa Mombasa Technical Institute na kikafunguliwa kwa wote. 1972 kikawa Mombasa Polytechnic.

Kile cha Nairobi nacho? 1963 kiliingia katika University of East Africa pamoja na Makerere na Dar es Salaam. 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Cha Mombasa kilibaki polytechnic hadi 2007, kikawa chuo kishiriki cha JKUAT, na 2013 ndipo kikapata hati kamili na jina la Technical University of Mombasa, TUM. Toa 1970 kwenye 2013. Miaka 43.

Na si TUM peke yake. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu sita vya umma, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na makao yake makuu Pwani. Pwani University, Kilifi, nayo ilianza kama chuo kishiriki 2007 na kupata hati 2013.

Mtu atasema miaka ni miaka tu. Hapana, hapa ndipo penye kiini. Miaka ya 1960, Rockefeller Foundation ya Marekani ilitoa pesa nyingi kwa vyuo vitatu vya University of East Africa: wahadhiri wa kuziba nafasi, na ufadhili wa vijana wa hapa kwenda kusoma mpaka uzamivu halafu warudi kufundisha. Taasisi ya masomo ya maendeleo ya Nairobi, IDS, ilianzishwa 1965 katika kipindi hicho. Vyuo hivyo vilichaguliwa vijengwe. Havikuambiwa vithibitishe kwanza kwamba vinaweza kufanya utafiti. Mwenye uzamivu wa 1968 akasimamia wanafunzi, wanafunzi wakawa maprofesa, maprofesa wakasimamia wengine. Mombasa wakati huo ilikuwa ikitoa mafundi. Mafundi wazuri sana, lakini fundi hapewi kazi ya kusimamia tasnifu.

Sasa mlete huyo wa jana kwenye mashindano. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianzisha vituo vya umahiri katika vyuo vikuu vya mashariki na kusini mwa Afrika: vituo 24, nchi 8, dola milioni 140. Kenya ilipata vitatu: Egerton, Moi, na chuo cha Bondo. Pwani hakuna.

Najua mnaponingojea. Bondo pia ilipata hati 2013! Kweli, na hilo linaumiza hoja ya jukwaani kuliko wengi wanavyokubali. Chuo kichanga kinaweza kushinda kikijipanga, kwa hivyo viongozi wetu wasitumie 1951 kama blanketi la kujifunika. Lakini kushinda mara moja si sawa na kuwa na msingi. Mashindano humpa mshindi mradi wa miaka michache. Maabara, umeme wake, mtu wa kuandika maombi na mtu wa kukagua hesabu, hivyo vyahitaji pesa inayokuja kila mwaka.

Kilifi tumeona inavyowezekana. KEMRI na Wellcome Trust wako pale tangu 1989, na baadaye Pwani University ikaingizwa katika kuwafunza watafiti vijana. Ni kazi nzuri. Ila ni afya, na mfuko mkubwa uko London. Bahari je? KMFRI iko Mkomani, njia ya Kisauni, na meli yake ya utafiti, Mtafiti, tulipewa na Wabelgiji ikiwa imeshatumika kwao. Nchi yenye bandari kama ya Kilindini.

Sheria tunayo. Ile ya sayansi na teknolojia ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Pato la 2023 lilikuwa takriban shilingi trilioni 15, kwa hivyo asilimia 2 ni kama bilioni 300. Hazina hiyo haijawahi kukaribia hapo, chini ya serikali yoyote. Vyuo vyote vinagombania makombo, na kwenye makombo aliyezoea meza ndiye hushiba.

Marekani walikuwa na jambo linalofanana, ingawa lao lilikuwa la rangi waziwazi. Vyuo vya kilimo vya Weusi vilivyoanzishwa chini ya sheria ya 1890 vilinyimwa kwa vizazi. Tangu 1977 vina fungu lao la utafiti la kila mwaka, bila kushindana na vile vikubwa. Na 2023 serikali kuu iliandikia magavana wa majimbo 16 ikiwaonyesha hesabu: kati ya 1987 na 2020 vyuo hivyo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12. Walilinganisha pesa kwa kila mwanafunzi, chuo cha Weusi na cha Weupe, jimbo kwa jimbo.

Hesabu kama hiyo ndiyo ya kumdai mgombea akija Likoni au Changamwe na "tumetengwa" yake. Tangu 2013, TUM na Pwani zimepata shilingi ngapi za utafiti kwa kila mwanafunzi, Nairobi ngapi, na yeye ataweka fungu gani kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza?